Mbona "refu" ni neno fupi?

Hebu tuanze na jaribio dogo. Chukua neno "fupi" uhesabu silabi zake: fu-pi, mbili tu. Linasema ufupi, na lenyewe ni fupi. Hapo hakuna ugomvi. Sasa chukua "refu": re-fu, mbili vilevile. Herufi nne, sawasawa na mwenzake. Linatangaza urefu lakini halilizidi "fupi" hata kwa unywele, na ukilisimamisha kando ya "wasipokufahamisha", lenye silabi 8, utalionea huruma.

Utani wa darasani, sivyo? Wengi wangeishia hapo. Ila mwaka 1908 mwanafunzi mmoja wa Kijerumani, ambaye hata shahada ya uzamivu alikuwa hajaipata, aliutazama utani wa aina hii kwa makini akaongeza swali moja. Swali hilo halijapata jibu linalowaridhisha wote hadi leo. Na ndugu zake wa karibu ndio wanaotuhakikishia kwamba hakuna siku utakayonunua programu ya kukinga virusi isiyokosea kamwe. Leo tufuate safari ya swali hilo, na safari ya aliyeliuliza, maana zote mbili zinastahili kujulikana.

Kwanza tuelewane

Kama ulisoma fasihi sekondari, unakumbuka majazi: jina la mhusika linapolandana na tabia zake. Mtu anaitwa Tamaa, na kweli mwisho wa hadithi tamaa inammaliza. Sisi leo tunafanya kitu hichohicho kwa maneno. Tunaliuliza neno: wewe unaitwa hivi, je, ndivyo ulivyo?

Kuna mtego mmoja wa kuepuka. Nikisema nyumba ina vyumba vinne, ninazungumzia jengo. Nikisema "nyumba" ina silabi mbili, ninazungumzia neno. Jengo halina silabi na neno halina vyumba. Zile alama za kunukuu ndizo zinazotuambia tuko upande gani, na katika makala haya tutakaa sana upande wa maneno.

Sasa tuyape makundi yetu majina. Kiswahili kina desturi nzuri ya kuunda istilahi za sarufi kwa ki-: kitenzi, kivumishi, kielezi, kiunganishi. Basi na sisi tuunde mbili za matumizi ya humu humu. Neno lenye sifa linayoitaja tuliite kijithibitishi. Neno lisilo na sifa linayoitaja tuliite kijikanushi. "Fupi" ni kijithibitishi, "refu" ni kijikanushi.

Jaribu mengine. "Nomino" ni nomino, kwa hiyo linajithibitisha. "Neno" ni neno, safi kabisa. Je, "kitenzi"? Aa, hapana. Huwezi kusema "ninakitenzi, utakitenzi, tumekitenzi". "Kitenzi" ni nomino, kwa hiyo ni kijikanushi. "Kivumishi" ni nomino. "Kielezi" ni nomino. "Kiunganishi" nacho ni nomino. Aina zote za maneno tulizokaririshwa, ukiondoa nomino yenyewe, zina majina yanayozisaliti.

Utagundua pia kwamba majina ya vitu karibu yote ni vijikanushi, lakini bila utamu wowote: neno "jiwe" si jiwe, neno "mbuzi" halili majani. Na yapo yanayotegemea sikio la mtu, kama "zuri" au "tamu". Hayo tuyaache. Yanayonoga ni yale ambayo sifa yake neno linaweza kuwa nayo kweli, nasi tukaweza kuihakiki kwa kuhesabu, kusikiliza au kufuatilia asili.

Neno likivuka mpaka

Na tukitaja asili, tusimame hapohapo. "Asili" tumelipata kutoka Kiarabu. Kwa hiyo mtu anaposema "tutumie maneno ya asili, tuache ya kukopa", neno lenyewe alilolichagua kutetea hoja yake ni la kukopa. Unaweza kumjibu kwamba neno lililokaa nasi karne nyingi, likazaa "asilia", "kiasili" na "uasilia", limeshakuwa la nyumbani. Ni kweli. Lakini basi kipimo kimebadilika: si tena lilikotoka, bali linakoishi. Hata jina la lugha yetu limejengwa hivyo, shina la Kiarabu *sawahil*, yaani pwani nyingi, likavikwa ki- yetu ya Kibantu.

Waingereza nao wana kichekesho chao hapa. Wana neno "loanword", maana yake neno la mkopo, na neno "calque", maana yake neno lililotafsiriwa kipande kwa kipande kutoka lugha nyingine. Sasa sikia: "loanword" halikukopwa, lilitafsiriwa kipande kwa kipande kutoka Kijerumani "Lehnwort". Na "calque" halikutafsiriwa, lilikopwa zimazima kutoka Kifaransa. Kila moja linafaa kuwa mfano wa mwenzake, na hakuna hata moja linalofaa kuwa mfano wake lenyewe.

Warumi walikuwa na mfano mwema. Mshairi Horatius, aliyeishi kati ya mwaka 65 na 8 kabla ya Kristo, aliyakejeli maneno marefu ya majigambo kwa kuyaita *sesquipedalia*, yaani yenye urefu wa futi moja na nusu. Silabi 6 hizo. Neno la kukejeli urefu lenyewe ni refu, kijithibitishi kamili. Watu wa siku hizi wakalichukua, wakalipaka chumvi, wakatengeneza jina la utani la hofu ya maneno marefu: "hippopotomonstrosesquippedaliophobia", herufi 36. Mwenye hofu hiyo hata kueleza anachougua hawezi. Upande wa pili, Waingereza huita neno la silabi moja "monosyllabic", silabi 5. Wajerumani husema "einsilbig", silabi 3. Wote wamekosa, ila Mjerumani kakosa kidogo.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa ulimi. Mtu anayetamka s kama th, Waingereza humwambia ana "lisp". Neno hilo lina s katikati, sauti ileile inayomshinda. Kijerumani nacho kinasema "lispeln", s hiyohiyo. Ukimwambia ataje hali yake, umemwekea kikwazo mdomoni. Vuka mpaka uingie Hispania: wao husema "ceceo", neno ambalo huko Madrid hutamkwa kwa sauti ya th mara mbili. Wafaransa wana "zozoter" kwa anayetamka j kama z, na neno limejaa z. Na sisi? Sisi tunasema kithembe. Th iko palepale katikati. Mwenye kithembe hulitamka bila shida yoyote, tena huenda akalitamka vizuri kuliko wewe. "Kigugumizi" nacho ukilisikiliza vizuri utasikia gu-gu yake: neno linakwama kama anayelitumia anavyokwama.

Umeona mtindo? Neno likitafsiriwa linaweza kuhama kambi. Dhana ya kithembe ni kijikanushi London, ni kijithibitishi Mombasa. Mengine hayahami: jina la kitenzi ni nomino hapa na ni nomino Berlin. Lakini yote, yanayohama na yasiyohama, yana jambo moja la pamoja. Ukiyauliza, yanajibu. Ndiyo au siyo.

Isipokuwa moja.

Göttingen, mwaka 1908

Ili uelewe kwa nini mtu mzima angekaa chini kupanga maneno kwenye makundi mawili, inabidi ujue balaa lililokuwa limewakumba wanahisabati miaka michache nyuma.

Mjerumani Gottlob Frege alikuwa ametumia miaka mingi kuijenga hesabu yote juu ya msingi wa mantiki. Mwezi Juni 1902, juzuu ya pili ya kitabu chake ikiwa tayari mitamboni, akapokea barua kutoka kwa kijana wa Kiingereza, Bertrand Russell. Barua ilikuwa ya adabu na yenye sifa tele, lakini ilibeba swali la kubomoa nyumba. Tunaweza kulieleza hivi: fikiria orodha za vitabu kwenye maktaba. Orodha nyingine hujitaja zenyewe, nyingine hazijitaji. Sasa tengeneza orodha ya orodha zote zisizojitaja. Je, yenyewe ijitaje? Ikijitaja, imevunja sharti. Isipojitaja, inatakiwa kuwemo. Frege alijibu barua ile kabla wiki haijaisha, akakubali kwamba msingi wake umetikisika. Kitabu kilitoka mwaka 1903 kikiwa na nyongeza ya kueleza tatizo.

Chuo Kikuu cha Göttingen kilikuwa mahali ambapo swali kama hilo lisingeachwa lipite. Palikuwa na David Hilbert, mwanahisabati mwenye sauti kubwa kuliko wote Ujerumani, na Ernst Zermelo, ambaye mwaka 1908 alichapisha sheria zake za kuziwekea seti mipaka. Mwaka huohuo Russell naye alichapisha dawa yake ya kuvipanga vitu kwa ngazi. Na mwaka huohuo, katika jarida la kifalsafa ambalo wanahisabati wengi hawakulisoma, ikatoka makala ya watu wawili kuhusu vitendawili hivyo: Leonard Nelson, mwanafalsafa aliyezaliwa mwaka 1882, na mwanafunzi Kurt Grelling, aliyezaliwa Berlin Machi 1886, hajafikisha miaka 23.

Ndani ya makala hayo ndimo kilimokuwemo kitendawili cha maneno. Wao waliyaita makundi yao kwa istilahi za Kigiriki, *autologisch* na *heterologisch*. Sisi tunavyo vijithibitishi na vijikanushi.

Swali la ziada

Tumepanga maneno mawili mawili kwenye makapu. Kila neno lenye sifa yake, kapu la kwanza. Kila neno lisilo na sifa yake, kapu la pili. Hakuna kapu la tatu, na wala halionekani kuhitajika, maana neno ama lina sifa ama halina.

Sasa: neno "kijikanushi" lenyewe liende kapu gani?

Usikimbilie jibu. Twende polepole.

Tuseme "kijikanushi" ni kijikanushi. Basi lina sifa linayoitaja. Lakini neno lenye sifa linayoitaja tumesema ni kijithibitishi. Kwa hiyo si kijikanushi. Tumegonga ukuta.

Haya, turudi. Tuseme "kijikanushi" si kijikanushi. Basi halina sifa linayoitaja. Lakini neno lisilo na sifa linayoitaja ndilo hasa tunaloliita kijikanushi. Kwa hiyo ni kijikanushi. Ukuta tena.

Ukisema ni, si. Ukisema si, ni. Kwa kawaida kitendawili kikikushinda unatoa mji, aliyetega anaupokea, anakupa jibu, maisha yanaendelea. Hiki hata ukitoa Mombasa, Zanzibar na Bagamoyo kwa pamoja hupewi kitu, kwa sababu aliyetega naye hana.

Na hapa ndipo tofauti na kithembe inapoonekana. Tafsiri "kijikanushi" kwa Kijerumani, kwa Kiarabu, kwa Kigikuyu, kwa lugha yoyote yenye uwezo wa kuzungumzia maneno yake. Halihami kambi, kwa sababu halina kambi. Sauti zake hazihusiki, silabi zake hazihusiki, historia yake haihusiki. Ugonjwa hauko kwenye umbo la neno. Uko kwenye kitendo chenyewe cha lugha kujipanga yenyewe kwa makapu mawili.

Ukoo wa kitendawili hiki ni wa kale. Eubulides wa Miletus, karne ya 4 kabla ya Kristo, alishatega kile cha mwongo: mtu akisema "ninachosema sasa ni uongo", je, ni kweli? Wanazuoni wa Kiislamu wa karne ya 13, kama Athir al-Din al-Abhari na Nasir al-Din al-Tusi, walikichambua kwa kina, na Jean Buridan wa Paris akakisumbukia karne iliyofuata. Lakini cha mwongo kina mlango wa kutorokea. Unaweza kusema yule bwana anacheza tu, sentensi yake haisemi lolote kuhusu dunia, imejizungukia kama mbwa anayefukuza mkia wake. Grelling na Nelson walikitoa kitendawili mikononi mwa waongo. Hapa hakuna anayedanganya. Kuna kamusi, kuna maneno mawili yaliyoelezwa waziwazi, na kuna kazi ya ukarani ya kupanga. Kazi hiyo haikamiliki.

Ghorofa za Tarski

Kwa muda mrefu makala yale hayakuwapa sifa wenyewe. Hermann Weyl alikitaja kitendawili hicho kwenye kitabu chake cha mwaka 1918, na Frank Ramsey wa Cambridge, alipokijadili mwaka 1925, alimpa Weyl ukoo wake. Ndivyo mambo ya wanafunzi yanavyopotea majina.

Ramsey, hata hivyo, alifanya jambo la maana. Alivitenga vitendawili mafungu mawili: vile vya mantiki na seti, kama cha Russell, na vile vinavyohusu maana, ukweli na kutaja vitu kwa maneno, kama cha mwongo na hiki chetu. Kwa vya fungu la pili alisema kosa liko upande wa lugha, wala si wa hisabati. Wanahisabati wakashusha pumzi. Lakini kusema mgonjwa ni wa jirani si kumponya.

Aliyejaribu kumponya ni Alfred Tarski, katika kazi kubwa kuhusu dhana ya ukweli aliyoichapisha kwa Kipolandi huko Warsaw mwaka 1933. Fikiria jengo la ghorofa. Chini kabisa wanakaa wanaozungumzia mawe, mbuzi na nyumba. Ghorofa ya kwanza wanakaa wanaozungumzia maneno ya wa chini: hili fupi, lile refu, hili la kweli, lile la uongo. Ghorofa ya pili wanawazungumzia wa ya kwanza, na kuendelea. Sharti ni moja: unaruhusiwa kutazama chini, huruhusiwi kujitazama. Neno "kijikanushi" linaishi ghorofa ya kwanza, kazi yake ni kupanga maneno ya chini, na swali la kama lenyewe ni kijikanushi halina mahali pa kuulizwa.

Kwa lugha za hisabati dawa hii inafanya kazi, na mpaka leo ndiyo inayofundishwa. Ila ina bei yake. Kiswahili unachozungumza na mama yako hakina ghorofa. Ni uwanja mmoja wa mchanga ambapo "jiwe", "neno", "kweli" na "uongo" yote yanacheza pamoja, na hakuna mwamuzi wa kumzuia mtu kijiweni asiulize swali analotaka. Uhuru huo ndio unaoiwezesha lugha kusema kila kitu, pamoja na kitu kinachoikwamisha. Tarski alilijua hilo, ndiyo maana dawa yake aliiandikia lugha zilizojengwa makusudi, si lugha za watu.

Aliyeuliza swali

Mwaka huohuo wa 1933 ulimkuta Kurt Grelling akiwa mwalimu wa sekondari Berlin. Uzamivu wake aliupata mwaka 1910 chini ya Hilbert, lakini kazi ya chuo kikuu hakuipata. Hakuacha mantiki kwa sababu hiyo. Alifundisha mchana, aliandika, alijadiliana na kundi la wanafalsafa wa sayansi lililokuwa likikutana Berlin kwa Hans Reichenbach, na kwa kuwa alizijua lugha kadhaa, aliwafasiria Wajerumani vitabu vya Russell, kikiwemo *The Analysis of Mind*. Nelson alikuwa ameshafariki, mwaka 1927, akiwa na miaka 45.

Tarehe 7 Aprili 1933 serikali ya Hitler ilipitisha sheria iliyoitwa Sheria ya Kurejesha Utumishi wa Umma wenye Weledi. Jina linasema kurejesha. Kazi yake ilikuwa kufukuza: Wayahudi, wenye asili ya Kiyahudi, na wapinzani wa kisiasa. Ukiipima kwa kipimo chetu, ni kijikanushi chenye mhuri wa serikali. Grelling, aliyekuwa wa ukoo wa Kiyahudi, alilazimishwa kustaafu.

Baadaye alihamia Brussels kufanya kazi na rafiki yake Paul Oppenheim. Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yalipoivamia Ubelgiji, alikamatwa na kupelekwa kwenye kambi za wafungwa kusini mwa Ufaransa. Wenzake waliokuwa wamefika Marekani, akiwemo Oppenheim na mwanafalsafa Carl Hempel, walihangaika kumtafutia nafasi New York ili apate kibali cha kuingia. Hakufika. Septemba 1942 yeye na mkewe Greta walisafirishwa hadi Auschwitz, na huko wakauawa.

Mtu aliyeonyesha kwamba hata maneno huwezi kuyapanga yote kwa makapu mawili, aliuawa na watu waliokuwa na hakika kwamba wanadamu wanapangika. Sisemi kitendawili chake kilitabiri hayo. Hakikutabiri. Ila ukikutana na jina lake kwenye kitabu cha mantiki, katika mstari mmoja kati ya Russell na Tarski, ni vizuri ujue kwamba nyuma ya mstari ule alikuwepo mtu.

Kwenye simu yako

Swali lake halikufa naye. Mtindo wake wa kufikiri, wa kukitengenezea chombo cha kupima kitu kinachokipinga chombo hichohicho, umeendelea kuzaa. Mwaka 1936 Alan Turing aliutumia kuonyesha kwamba hakuna njia moja ya kimashine ya kujua, kwa kila programu, kama itafika mwisho au itazunguka milele. Na katika miaka ya 1980 mwanafunzi mwingine wa uzamivu, Fred Cohen wa California, aliuleta kwenye virusi vya kompyuta.

Hoja ya Cohen ukiifuata utaitambua sura yake. Tuseme kuna programu kamilifu, tuiite Mlinzi. Ukiionyesha programu yoyote, inajibu "virusi" au "salama", na haikosei kamwe. Mimi naandika programu yangu ndogo yenye maagizo mawili. Agizo la kwanza: muulize Mlinzi kuhusu mimi. Agizo la pili: akisema "virusi", tulia usifanye kitu, akisema "salama", anza kusambaa. Sasa Mlinzi aseme nini? Akisema virusi, programu imetulia, amekosea. Akisema salama, programu inasambaa, amekosea tena. Ukisema ni, si. Ukisema si, ni. Kwa hiyo Mlinzi kamilifu hayupo, na hatakuwepo hata kompyuta zikiwa na kasi mara elfu. Walinzi wazuri wapo, na unapaswa kuwa nao. Wasiokosea, hapana. Ukiona tangazo linalokuahidi ulinzi wa asilimia 100, unajua la kufikiri.

Nakuachia pacha mkimya wa kitendawili hiki. Neno "kijithibitishi" lenyewe liko kapu gani? Jaribu kusema ni kijithibitishi: lina sifa linayoitaja, kila kitu kinakubali. Jaribu kusema si kijithibitishi: basi halina sifa linayoitaja, ni kijikanushi, na kila kitu kinakubali vilevile. La kwanza lilikataa makapu yote mawili. Hili linaingia kapu lolote utakalolitia, na hakuna popote duniani, si kwenye kamusi wala kwenye sauti zake, pa kwenda kuuliza lipi ni sahihi. Kati ya neno lisilo na jibu na neno lenye majibu mawili yasiyogombana, lipi lina kasoro kubwa zaidi? Mimi bado sijaamua.